Usiipige msasa bunduki ya babu

Masika ya mwaka ule baba mdogo alitoa bunduki ya babu kabatini akaikuta imeota kutu juu ya mitutu, nyepesi, kama mtu kanyunyiza unga wa pilipili. Ni bunduki ya marisau, mitutu miwili, ambayo babu aliitumia kufukuza nguruwe na nyani shambani nje kidogo ya Tanga, na leseni yake haijawahi kukatika. Baba mdogo aliona aibu. Akachukua ndimu na msasa, akasugua mchana kutwa. Jioni mitutu ilimeremeta kama kijiko kipya, sote tukampa hongera.

Wiki haikuisha. Kutu ilirudi, na safari hii haikuwa ya kunyunyiza, ilitambaa mtutu mzima. Yale maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni, ambayo babu alikuwa akitusomea, tuliyapapasa kwa kidole tukakuta yamebaki vivuli.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza, nikisoma na kujaribu, na nimeona kwamba mengi tunayoambizana kuhusu kutu ya silaha za zamani hayana ukweli. Kutu ya juu juu huondoka bila kukichukua chuma kilicho chini yake. Kinachochukua chuma ni mkono wetu wenye haraka.

“Hiyo haina kitu ndani, imekaa miaka na miaka”

Naanza na hili kwa sababu linaua. Gobore hushindiliwa baruti na gololi kupitia mdomoni, na kwa kulitazama nje huwezi kujua kama limejaa. Baruti nyeusi haifi kwa uzee. Ikibaki kavu, huwaka hata baada ya miongo mingi. Chukua ufito wa mti, uteremshe mtutuni polepole mpaka ugote, uutie alama usawa wa mdomo, kisha uulaze kwa nje sambamba na mtutu. Ncha isipofika usawa wa tundu la fataki, kile kidude kinachowasha baruti, kuna kitu kimekaa ndani. Hapo usisugue, usichokoe, usipashe moto. Iache imeelekea pasipo na mtu, uwaite polisi. Bunduki ya kuvunjwa kati kama ya babu ni rahisi zaidi: ifungue, tazama mwanga upande wa pili wa mitutu yote miwili.

Na kama silaha haina kibali, safari ya kwanza ni kituoni, mafuta yatafuata.

“Kutu ni kutu, ing'oe mpaka chuma king'ae”

Hapa ndipo tulipopotea sisi. Ule weusi wenye ubuluu kidogo ulio juu ya mtutu wa zamani si rangi ya kupaka. Nao ni kutu. Mafundi wa mitutu walikipaka chuma dawa kali makusudi ili kishike kutu nyekundu, wakakichemsha katika maji safi mpaka wekundu ukageuka kuwa mweusi, wakapiga brashi laini kuondoa unga uliolegea, wakarudia tena na tena kwa siku kadhaa. Zote mbili ni chuma kilichoungana na oksijeni, ila tabia zao ni mbali kama mbingu na ardhi. Nyekundu huvimba, huwa na vinyweleo, hunywa maji na kuyashikilia kwenye chuma, ndiyo maana kutu huzaa kutu. Nyeusi hubana, hutulia, na hushika mafuta vizuri kuliko chuma kitupu.

Sasa ndimu haijui kuchagua. Siki pia haijui, wala soda nyeusi ya chupa ambayo watu huisifu kwa kuwa ina asidi ya fosforasi. Vyote hula nyekundu, na vyote hula nyeusi, na nyeusi ikishaondoka chuma kinabaki uchi mbele ya hewa ya bahari. Tulichokiona baada ya wiki moja ndicho hicho. Msasa ndio mbaya zaidi, kwa sababu unakula na chuma chenyewe: kona kali za kiwandani zinakuwa mviringo, mihuri inafutika, na namba ya silaha inafifia. Bunduki ambayo namba yake haisomeki itakutia matatani na sheria hata kama hukuikwaruza kwa nia mbaya. Anayekusanya silaha za kale naye atalipa zaidi kwa mtutu wenye mabaka ya umri kuliko kwa uliopigwa msasa ukang'aa.

Njia niliyoishika ni ya polepole, nami naipenda kwa sababu hiyo. Mwaga mafuta mepesi ya mashine juu ya doa la kutu, uache yalale usiku mzima. Asubuhi chukua senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile ya shaba yenye tundu katikati ambayo bibi wengi bado wanazo kwenye kopo la vifungo. Ichovye mafuta, ilaze karibu bapa, na usukume ukingo wake juu ya doa bila kukandamiza. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu, kwa hiyo inapasua ukoko wa kutu na kuuacha weusi mahali pake. Utaona mafuta yanageuka rangi ya chai ya rangi. Futa kwa kitambaa cha pamba, tia mafuta mapya, rudia. Kabla ya kutumia sarafu yoyote iguse na sumaku, kwani sarafu nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa tu rangi ya shaba, nacho kitachora mistari. Stili waya ya kuoshea sufuria ni kali mno pia. Kuna aina laini sana yenye namba 0000, inateleza kama nywele, na hiyo ikiloweshwa mafuta haina neno.

Mahali ambapo kutu imeshachimba vishimo, vishimo vitabaki. Toa wekundu ulio ndani yake, basi.

“Maji ni adui wa bunduki”

Inategemea ilipigwa risasi gani. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi, na kila mlio uliacha wingu la moshi lililowaonyesha walipo. Baruti hiyo huacha ndani ya mtutu masizi yenye chumvi chumvi zinazovuta maji kutoka hewani. Risasi nyingi za kijeshi za miaka iliyofuata, ingawa moshi wake ni mdogo, fataki zake nazo ziliacha chumvi iliyo ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta! Ukipaka mafuta juu yake umeifunika tu, nayo inaendelea kula chuma ukiwa umelala.

Dawa ya chumvi ni maji ya moto. Maji ya moto na sabuni kidogo ndani ya mtutu uliotenganishwa na kitako, suuza kwa maji ya moto tena, maana joto lenyewe husaidia kukausha, pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa, kisha mafuta papo hapo. Kinachoharibu ni kuyaacha maji.

“Oili ni oili”

Oili chafu ya gari, ambayo tunaipaka kila kitu kuanzia nguzo hadi mageti, imebeba asidi, maji na masizi ya injini. Usiiweke. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yana maji kidogo ndani yake na huchacha. Ya alizeti hukauka yakawa gundi mpaka mtambo haurudi. WD-40 ni nzuri kwa kazi iliyotengenezewa: herufi zake zinamaanisha kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini lililofaulu mwaka 1953. Inafukuza unyevu, halafu sehemu kubwa yake huruka hewani ikabakiza utando mwembamba usiovumilia masika. Ipulizie bunduki iliyonyeshewa, ifute, kisha paka mafuta ya bunduki, au nta kwa ile isiyotumika.

Na yasizidi. Mafuta mengi hushuka taratibu mpaka kwenye kitako, na mti ulionywa mafuta hulegea na kuoza pale unaposhikana na chuma.

“Ukiifunga vizuri haitashika kutu”

Ala ya ngozi inapendeza ukutani, lakini ngozi hushika unyevu na ina chumvi na tindikali za kulainishia. Mfuko wa plastiki hufungia ndani hewa ileile ya pwani. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 60 hivi kutu hukaza mwendo, na huku kwetu masika huvuka hapo mara nyingi tu. Ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, ambalo ndilo linalotakiwa, weka vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu, ila ujue vikishashiba unyevu havina kazi mpaka uvikaushe au ubadilishe. Isimamishe mdomo chini ili mafuta yasielekee kwenye mti. Kila mtu akimaliza kuishika, aifute: jasho la kidole huacha alama nyekundu ya kidole hichohicho.

Ya babu tunaifuta kila mwezi sasa. Mwaka jana tulifungua ule ubao wa mbele unaokaa chini ya mitutu, mahali ambapo msasa wa baba mdogo haukufika, tukakuta kipande kama urefu wa kiganja bado ni cheusi chenye ubuluu. Baba mdogo alikitazama muda mrefu, kisha akaomba kitambaa.