Daraja la Reli Linalonyanyuka: Mota Haibebi Uzito

Kila ninapoeleza kazi ya mitambo ya madaraja na kutoa mfano wa Steel Bridge, daraja la sakafu mbili linalonyanyuka kupisha meli, lililozinduliwa mwaka 1912 juu ya Mto Willamette mjini Portland, Marekani, huulizwa swali lile lile: ni mota ya nguvu kiasi gani inayonyanyua chuma chote kile pamoja na reli, na umeme ukikatika je, si litaporomoka? Nimechoka kulisikia, hasa kutoka kwa watu wanaopanda lifti kila siku.

Mota haibebi daraja. Kipande kinachonyanyuka kimefungwa kebo za chuma zinazopita juu ya magurudumu makubwa ya kapi, na upande wa pili wa kebo hizo unaning'inia mzigo wa kusawazisha ambao uzito wake unakaribia kulingana na wa kipande chenyewe, kwa hiyo mzigo ukishuka, daraja hupanda, kama lifti. Mota imeachiwa msuguano, upepo na tofauti ndogo ya uzito, ambayo huachwa kwa makusudi ili kipande kikishuka kitulie mahali pake. Umeme ukikatika, breki za springi hujifunga zenyewe na daraja hubaki pale lilipofika. Mimi nahofia rangi kuliko umeme. Tabaka jipya la rangi, reli nzito zaidi au lami mpya huvuruga ulinganifu huo, na ndiyo maana mzigo wa kusawazisha huwa na vishimo vya kuongezea au kupunguzia vipande vya chuma au zege. Wenye madaraja, pimeni uzito upya kabla ya kulaumu mota na kununua nyingine.

Wapo wanaodhani kila chombo cha majini kinachopita husimamisha mji mzima. Wahandisi wa kampuni ya Waddell & Harrington, waliolibuni Steel Bridge, waliiwezesha sakafu ya chini, yenye reli, kupanda peke yake: nguzo zinazoishikilia huteleza na kuingia ndani ya fremu ya juu, na nafasi juu ya maji huongezeka kutoka mita 8 hivi hadi 22, huku magari na tramu zikiendelea kupita juu. Ni meli ya kimo kirefu tu inayolazimu sakafu zote mbili kupanda.

Wala daraja la kunyanyuka kwa mzigo wa kusawazisha si ubunifu wa juzi. Waddell, mmoja wa wahandisi hao, alikwisha kujenga daraja la namna hii Chicago mwaka 1894.

Na treni haina kipaumbele cha kudumu mbele ya meli. Kanuni za Marekani hutaka daraja lifunguliwe bila kukawia chombo kinapoomba kupita, isipokuwa pale lilipowekewa utaratibu wake maalumu. Treni iliyokwisha kuingia darajani, bila shaka, humaliza kwanza.