Horimono: nakshi za panga za Kijapani mwishoni mwa enzi ya samurai

Horimono ni nakshi inayochongwa kwenye feleji ya upanga wenyewe, juu ya bapa, si kwenye ala wala kwenye kikinga mkono. Wajapani huhesabu humo pia mifereji mirefu iitwayo hi, ambayo hupunguza uzito wa upanga bila kuudhoofisha sana. Kipindi cha mwisho cha samurai, takriban 1781 hadi 1876, wajuzi wa panga hukiita shinshinto. Mwaka huo wa 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, askari polisi na maofisa katika sherehe.

Nakshi nyingi zina asili ya dini. Kurikara ni joka lililojiviringisha kwenye upanga ulionyooka, alama ya Fudo Myoo, mlinzi mkali wa Ubudha. Bonji ni herufi za Kisanskriti, kila moja ikisimama badala ya mungu au buddha fulani. Gomabashi ni mifereji miwili mifupi iliyo sambamba, mfano wa vijiti vinavyotumika katika ibada ya moto. Zaidi ya karne mbili za amani zilipofanya upanga uwe zaidi alama ya hadhi, yaliongezeka pia mapambo ya maua na miti.

Upanga huchongwa baada ya kupashwa moto na kuchovywa majini, si kabla. Unapochovywa hupinda zaidi na unaweza kupasuka. Ungechongwa mapema, kazi yote ingepotea. Kinachowezesha tindo kuuma ni udongo: kabla ya kuchovya, mhunzi huupaka mnene mgongoni na ubavuni, mwembamba kwenye makali. Makali hupoa ghafla yakawa magumu mno, mgongo hupoa polepole ukabaki laini kiasi. Ndiyo maana nakshi hukaa upande wa mgongo, karibu na mpini, mbali na mstari wa makali.

Upanga hunolewa kwanza hadi umbo lake litulie, ndipo mchongaji huchora mchoro kwa wino. Hufuata mistari kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, kisha huondoa feleji pembeni ili joka liinuke, na mwishoni huchonga magamba, kucha na ndevu. Upanga hurudi kwa mnoaji kwa umaliziaji. Hatari kubwa ni kina. Panga nyingi zina ngozi ya feleji ngumu iliyofunika kiini laini. Tindo ikizama mno, kiini hujitokeza kama doa lililofifia, na hakuna namna ya kulirudishia ngozi.

Majina matatu ya kipindi hiki yanastahili kukumbukwa: Honjo Yoshitane, Kurihara Nobuhide aliyekuwa mwanafunzi wa mhunzi Kiyomaro, na Gassan Sadakazu wa Osaka, ambaye mwaka 1906 aliteuliwa kuwa msanii wa kasri la mfalme. Wote watatu walikuwa wahunzi na wachongaji kwa pamoja, na kwa maoni yetu hapo ndipo ubora wao ulipo: aliyeifua feleji ndiye ajuaye inavumilia kina gani. Mhunzi aliyechonga mwenyewe huweza kuandika kwenye shina, sehemu inayoingia ndani ya mpini, maneno hori dosaku, yaani mchongaji ni yeye yule.

Si kila nakshi ni ya tangu mwanzo. Atobori ni ile iliyoongezwa baadaye, na mara nyingine imewekwa ili kufuta ufa au tundu la feleji. Ukikuta nakshi mahali pasipo pa kawaida, au ya upande mmoja iliyojibana juu ya sehemu moja tu, chunguza kwa makini feleji inayoizunguka. Nakshi iliyoteremka hadi kwenye shina ni habari nyingine: mara nyingi upanga ulifupishwa kwa kukatwa upande wa mpini.

Kunoa mara kwa mara ndiko kunakoua horimono. Kila mnoo hula uso wa bapa, kina hupungua, magamba ya joka huungana. Kutu nayo hupenda kona za ndani, ambako mafuta ya zamani na vumbi hugandamana. Futa kwa karatasi laini au pamba, paka mafuta mepesi kidogo sana, wala usichokonoe kwa sindano au msasa. Kutu iliyokwisha kuingia ni kazi ya mnoaji aliyefunzwa.