Je, wajua kwa nini stelingi wa Ikiru anakufa filamu ikiwa bado inaendelea?

Stelingi hafi. Wengi wetu tumekua na kanuni hiyo tangu enzi za vibanda vya video: apigwe risasi, atupwe mtoni, mwishowe lazima arudi. Ikiru, filamu ya Kijapani iliyoongozwa na Akira Kurosawa mwaka 1952, inaivunja kanuni hiyo waziwazi. Ina dakika 143. Zikiwa zimebaki karibu 50, msimulizi anatangaza kwamba miezi mitano imepita na yule mzee tuliyekuwa naye tangu mwanzo ameshafariki. Kifo chake hatukukiona. Hata ile kazi iliyompa uhai mpya hatukuiona, maana ndiyo kwanza alikuwa ameamua kuifanya. Inakuwaje filamu kuhusu mtu aliyepata nafasi ya pili iruke sehemu ambayo anaitumia nafasi hiyo?

Mzee mwenyewe ni Kanji Watanabe, anayeigizwa na Takashi Shimura. Ni mkuu wa idara ya masuala ya wananchi katika ofisi za jiji, na kwa karibu miaka 30 hajakosa kazini hata siku moja. Anachofanya ni kugonga mihuri. Akina mama wa mtaa mmoja wanakuja kuomba dimbwi la majitaka lifukiwe, watoto wao wapate uwanja wa kuchezea. Wanazungushwa dirisha kwa dirisha, afya, zimamoto, elimu, hadi kwa naibu meya, kisha wanarudishwa palepale walipoanzia. Binti mmoja wa ofisini, Toyo, amempa mzee jina la utani: Mumia, yaani maiti iliyokaushwa.

Kisha tumbo linamsumbua, anakwenda hospitali. Pale kwenye benchi la kusubiria, mgonjwa mmoja anaanza kumpigia soga. Anamwambia kwamba madaktari wakikuambia una kidonda kidogo tu cha tumbo, kula chochote upendacho, basi ujue ni saratani na mwaka hutaumaliza. Watanabe anaingia kwa daktari na kuambiwa maneno yaleyale, karibu neno kwa neno. Wakati ule Japani ilikuwa kawaida kumficha mgonjwa saratani yake, kwa hiyo watazamaji wa 1952 walikuwa wanaona jambo wanalolijua nyumbani mwao. Uso wa Shimura katika chumba kile unatosha peke yake kumfanya mtu aitafute filamu hii.

Anajaribu kumweleza mwanawe, Mitsuo, anashindwa. Anajaribu ulevi na starehe za usiku, hazimsaidii. Mwisho anamganda Toyo, ambaye ameacha kazi ya ofisi na sasa anatengeneza sungura wa kuchezea kiwandani. Wakiwa mgahawani, binti anamwambia kwamba akitengeneza wale sungura anajiona kama rafiki wa kila mtoto wa Japani. Hapo ndipo mzee anapozinduka. Anashuka ngazi mbio, sungura mkononi, huku wanafunzi waliokaa upande wa pili wakiimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Wanamwimbia mwenzao anayepanda ngazi zilezile. Lakini sisi tunajua ni nani aliyezaliwa. Mzee anarudi ofisini akiwa ameamua kuushughulikia uwanja wa wale akina mama.

Baada ya hapo tunajikuta msibani.

Kurosawa aliiandika filamu hii pamoja na Shinobu Hashimoto na Hideo Oguni, na kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wao mzito kuliko yote. Wangemfuata mzee hatua kwa hatua, tungemshangilia tu. Tungemwona shujaa anapambana, anashinda, tunafuta machozi, tunalala. Badala yake wanatuketisha na maofisa wenzake mbele ya picha ya marehemu. Naibu meya anajigamba kwamba uwanja ule umejengwa na wakubwa. Wale akina mama wanaingia, wanafukiza ubani, wanalia kwa uchungu bila kumjibu mtu. Wakubwa wanakosa pa kuangalia. Muda mfupi baadaye naibu meya anaondoka.

Waliobaki wanaendelea kunywa na kubishana. Alibadilika kwa nini? Alijua anaumwa? Mmoja anakumbuka jinsi alivyosimama kwenye korido akiwainamia watu wadogo kuliko yeye kicheo. Mwingine anakumbuka wahuni waliotaka kiwanja kile kwa biashara zao wakimtishia maisha, naye akawatazama na kutabasamu. Mwingine alimuuliza kama hakasiriki kudharauliwa vile. Akajibu kwamba hana muda wa kumchukia mtu.

Sasa tazama ufundi wenyewe. Sisi watazamaji tunajua jambo ambalo waombolezaji hawalijui: tulikuwepo hospitalini, tulimwona na sungura. Wao nao wanajua tusilolijua, yaani jinsi ile miezi mitano ilivyopita. Sababu iko kwetu, matendo yako kwao. Mtu huyu anakamilika katika kichwa cha mtazamaji tu, hakamiliki ndani ya chumba kile. Toba ya mtu haionekani kwa kamera kumkodolea macho. Inaonekana kwa alichowatendea wengine, na hao wengine ni mashahidi wanaosahau, wanaoona wivu, wanaogeuza maneno. Ndiyo maana sehemu hii ya mwisho, ambayo wengine huiona ndefu mno, mimi naiona ndiyo filamu yenyewe.

Halafu Kurosawa hatubembelezi. Maofisa wale, wakiwa wamelewa, wanaapa kwa machozi kufuata nyayo za marehemu. Tunarudi ofisini: mkuu mpya anapokea malalamiko mengine ya wananchi, na papo hapo anaagiza wapelekwe idara nyingine. Kijana mmoja, Kimura, anasimama kwa hasira. Wote wanamtazama. Anaketi polepole, anamezwa na mafaili. Nafasi ya pili ilikuwa ya mzee Watanabe, na hakuweza kumrithisha mtu.

Miaka 70 baadaye, mwongozaji wa Afrika Kusini, Oliver Hermanus, aliihamishia hadithi hii London ya miaka ya 1950 kwa jina la Living (2022), kwa mswada wa filamu ulioandikwa na Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki. Bill Nighy, aliyecheza mzee, na Ishiguro wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar. Mpangilio ule wa kifo cha mapema ukabaki. Kilichoongezwa ni barua ambayo marehemu anamwachia mfanyakazi kijana, akimweleza kwa maneno yake mwenyewe maana ya uwanja ule. Ni barua nzuri, na kwenye filamu ile inakaa vizuri. Lakini Watanabe alimwachia mwanawe kitabu cha benki na muhuri, bila neno hata moja la kujieleza, na mimi bado naona Kurosawa alituamini zaidi.