Nyumba ya Kirumi: piteni na jikoni

Wanaoniuliza kuhusu nyumba za Warumi wa kale mara nyingi wamekwisha kuona picha za ukumbi wa mbele, yaani atriamu: kuta zenye michoro, uwazi wa mraba darini, na birika sakafuni chini yake. Paa liliinamia ndani, kwa hiyo mvua ilimiminikia birikani kisha ikaingia kwenye kisima cha akiba chini ya sakafu. Kulipokucha, wafuasi wa mwenye nyumba walifika hapo kumwamkia na kumweleza shida zao, na wengine walitoka na chakula au vijisenti. Kadiri ukumbi ulivyojaa, ndivyo heshima yake ilivyopanda.

Mimi kama mwanaakiolojia nasema anayeishia ukumbini hajaijua nyumba ile.

Chukua nyumba ya akina Vettius kule Pompeii, mji wa kale wa Italia, iliyofukiwa na majivu ya volkano ya mlima Vesuvius mwaka 79 BK na kufukuliwa kati ya 1894 na 1896. Inaaminika wenyewe walikuwa watumwa walioachwa huru, wakatajirika. Makasha yao mawili ya fedha yalikaa ukumbini, machoni pa kila aingiaye. Bustani ya ndani ilirushiwa maji kwa mabomba ya madini ya risasi. Lakini ukipita pembeni, unakuta ukumbi wa pili, mdogo, wenye madhabahu ya miungu ya nyumbani na nyoka mkubwa aliyechorwa chini yao. Jiko liko hapo kando. Meko ni jukwaa lililojengwa ukutani, na wachimbaji walikuta vyombo vya shaba vingali vimetelekwa. Karamu zote za nyumba ile zilitoka katika kijichumba hicho. Majiko mengi ya Pompeii hayakuwa na dohani, na mara nyingi choo kilikuwa humo humo, hatua chache kutoka kwenye chakula.

Na waliopika walilala wapi? Wengine popote palipopatikana nafasi. Ila mwaka 2021, katika jumba la shambani la Civita Giuliana, nje kidogo ya Pompeii, kilifukuliwa chumba kinachoaminika kuwa cha watumwa, cha mita za mraba kama 16. Mbao na kamba zilikuwa zimeoza, zikaacha matundu ndani ya majivu. Wataalamu wakayajaza plasta, vikatokea vitanda vitatu vya kamba. Viwili vina urefu wa mita 1.7, cha tatu mita 1.4, huenda ni cha mtoto. Chini ya vitanda kulikuwa na vyombo vya kujisaidia usiku, na vifaa vya farasi vilihifadhiwa chumbani humo humo. Dirisha ni moja, dogo, juu kabisa, na kuta hazina mchoro wowote. Kwangu mimi, chumba kile kinaeleza maisha ya nyumbani ya Warumi kuliko sakafu yoyote ya marumaru, kwa sababu bila waliolala mle, ule ukumbi wa mbele usingesimama hata siku moja.

Nyumba ya akina Vettius ilifunguliwa tena kwa wageni Januari 2023. Michoro yake ni ya ajabu, itazameni kwa nafasi. Kisha tafuteni jiko, mhesabu hatua kutoka pale hadi chumba cha karamu.