Supachaja za Injini za Ndege: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kwamba injini ya pistoni huishiwa nguvu angani kwa sababu hewa ya huko ina sehemu ndogo ya oksijeni. Sivyo. Sehemu hiyo ni ileile, takriban asilimia 21, iwe pwani au kwenye kilele cha Kibo. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yote, ambao kwenye kimo cha mita 5,500 hubaki karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari. Kazi ya supachaja ni kuishindilia hewa hiyo nyepesi ili silinda ijae kama ilivyojaa chini. Sanford Moss wa General Electric alipojaribu tabochaja yake, yaani supachaja inayozungushwa na moshi wa injini, mwaka 1918 kwenye mlima Pikes Peak, Marekani, kimo cha zaidi ya mita 4,300, mafanikio yake yalikuwa kuiwezesha injini ya ndege iitwayo Liberty kutoa huko nguvu inayokaribia ile ya nyanda za chini.

Wengine hudhani nguvu hiyo ni ya bure. Supachaja ya Merlin, injini ya Rolls-Royce iliyorusha Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ilizungushwa kwa gia na injini yenyewe, nayo ilikula sehemu ya nguvu hata ndege ilipokuwa chini, mahali ambapo rubani alilazimika kuibana njia ya hewa ili injini isizidiwe. Gia ya kasi mbili, ya polepole chini na ya haraka juu, ilipunguza hasara hiyo. Tabochaja huzungushwa na moshi wa injini, lakini nayo ina gharama yake: katika P-47, ndege ya kivita ya Kimarekani, ilikaa nyuma kabisa ya rubani, na mabomba yake makubwa yalipita tumboni mwa ndege.

Dhana inayopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba ukitaka kuruka juu zaidi unashindilia zaidi, basi. Hewa ikibanwa hupata joto, na hewa yenye joto hutanuka, kisha huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake na kuharibu pistoni. Kwa hiyo Merlin 61, iliyoingia vitani mwaka 1942 ndani ya Spitfire IX ili kukabiliana na Fw 190, ndege ya kivita ya Wajerumani, haikuwa na feni mbili za kushindilia hewa zilizofuatana tu. Kabla ya hewa kufika kwenye silinda ilipitishwa katika kipoza hewa. Ujazo wa injini ulibaki lita 27. Petroli bora ya oktani 100 (kipimo cha uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati) nayo ilisaidia kuuvumilia mgandamizo huo.

Allison, injini ya Kimarekani, imelaumiwa isivyo haki kwamba ilikuwa dhaifu juu angani. Mustang za kwanza, ndege za kivita za Kimarekani, zilizoitumia zilikuwa na kasi nzuri karibu na ardhi lakini zililegea juu, kwa sababu supachaja yake ilikuwa ya hatua moja, yaani yenye feni moja tu. Katika P-38, ndege nyingine ya kivita ya Kimarekani, Allison iliyoongezewa tabochaja ilipigana kwenye vimo ambavyo Mustang hizo hazikuviweza.