Ngulia usiku wa ukungu: watu wanavyodhani kuhusu ndege wahamaji, na ukweli wenyewe

Kila ikifika Novemba nikisema naenda hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya, kuangalia ndege usiku, naambiwa yaleyale. Safari iliyopita tulipata siku moja pale Ngulia ambayo sijawahi kuiona maishani, na niliporudi nikaambiwa tena, kwa hiyo naandika.

"Mlibahatika tu." Hapana jamani, sikilizeni. Loji ya Ngulia iko ukingoni mwa genge, na ndege wanaotoka kaskazini wanapita juu yake usiku wakielekea kusini. Novemba na Desemba, mvua za vuli zikiwepo, ukungu unashuka pale, na loji ina taa kubwa za kuwamulikia wageni wanyama wanaokuja kunywa maji. Sasa ukichanganya ukungu, taa na usiku usio na mwezi, ndege wanapotea njia na kushuka kwenye mwanga kwa mamia, ndiyo maana watafiti wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu na kuwavalisha pete za namba miguuni pale tangu 1969 na ndiyo maana wanapanga safari zao kwa kufuata siku za giza. Sisi usiku 2 wa kwanza mbingu ilikuwa safi, nyota tupu, hatukupata kitu. Usiku wa 3 saa 8 ukungu ukaingia na hadi alfajiri nyavu zilikuwa zimejaa. Nilifurahi mno, lakini ukweli ni kwamba tunachokiita sisi siku ya bahati, kwa ndege ni usiku wa kupotea, na hilo nalibeba moyoni kila nikienda.

"Wanakimbia baridi." Watu wengi sana wanaamini hivi, hata walimu. Kinachowahamisha hasa ni chakula, maana wadudu wanaisha kule kaskazini majira ya baridi yakikaribia na mchana unakuwa mfupi. Wapo ndege wadogo wanaobaki Ulaya kwenye theluji kwa sababu wanapata mbegu.

Halafu kuna hii inayonikera kidogo, kwamba hawa ni ndege wa Ulaya wanakuja kwetu kutembea tu. Chukua yule wa kahawia ambaye kwa Kiingereza ni marsh warbler, ndiye anayenaswa kwa wingi Ngulia. Kule Ulaya anakaa miezi michache tu ya kuzaa, kisha anashuka hadi Sudan na Ethiopia, anapumzika wiki kadhaa, anapita Kenya, anaishia kusini mwa Afrika. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichunguza nyimbo za madume kule Ubelgiji na matokeo yakatoka 1979: dume mmoja kwa wastani anaiga sauti za aina 76 za ndege, na ukiwajumlisha madume wote, aina 113 kati ya walioigwa ni ndege wa Afrika. Yaani anaimba kule Ubelgiji kwa sauti alizojifunza huku kwetu, akiwa bado kinda wa mwaka wa kwanza. Huyo nitamwitaje mgeni?

Nilimwona mmoja kwa karibu. Aliyemshika alimweka shingo katikati ya vidole 2, akampuliza kifuani taratibu, manyoya yakafunguka na chini ya ngozi nyembamba yakaonekana mafuta ya manjano, ndiyo petroli yake ya safari. Uzito gramu 12 hivi, kijiko kikubwa cha sukari.

"Hizo pete zinawaumiza, au ni za ujasusi." Pete ni ya aluminiamu, nyepesi, ina namba, basi, haitumi habari popote. Vifaa vya kufuatilia kwa satelaiti ni kitu kingine, wanafungwa ndege wakubwa zaidi, na hofu hii si mchezo maana 2013 kule Misri korongo mmoja aliwekwa mahabusu polisi kwa sababu alikuwa na kifaa kama hicho, kumbe kilikuwa cha watafiti. Ukiokota ndege mwenye pete soma namba na maandishi, peleka makumbusho, usimtupe.

Na usijizuie eti huna darubini ya bei. Tazama kalenda ya mwezi kwanza, chagua siku za giza, beba koti kwa sababu ule ukungu ni baridi kweli. Ukiondoka asubuhi, vichaka vyote chini ya loji vinakuwa vinacheza kwa ndege wanaotafuta wadudu, wengine hatua 3 tu kutoka uliposimama.