Uanaume wa kijeshi ni nini?

Uanaume wa kijeshi ni sura ya mwanaume ambayo jeshi, polisi au magereza huijenga na kuifanya kipimo cha askari bora: haogopi, halii, hahoji amri, na hasiti kutumia nguvu. Si maumbile. Wanaume wengi hawaingii depo, yaani kambi ya mafunzo ya awali, wakiwa hivyo, ndiyo maana huchukua miezi kufinyangwa.

Hapa Dodoma jambo hili tunaishi nalo jirani. Makutupora, kunakosifika pia kwa zabibu, ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na vijana waliomaliza kidato cha sita, wa kike na wa kiume, huripoti huko kwa mujibu wa sheria. Mchakamchaka wa alfajiri ni wa wote, na kwata la juani ni la wote.

Tofauti huanza mdomoni mwa mkufunzi, na hili limezoeleka katika majeshi mengi duniani. Kuruta wa kiume akiburuza miguu anaambiwa, "Unatembea kama mwanamke!" Wa kike akilenga shabaha vizuri anasifiwa, "Huyu dume!" Angalia kilichotokea. Wa kwanza ameaibishwa kwa kufananishwa na mwanamke, wa pili amesifiwa kwa kuvuliwa uanamke wake. Kote kuwili, mwanamke ndiye jina la udhaifu, hata pale alipolenga vizuri kuliko wenzake.

Ndiyo maana kuhesabu wanawake waliovaa gwanda hakutoshi. Tangu Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu wetu ni mwanamke, Rais Samia Suluhu Hassan, na Septemba mwaka huohuo Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi. Ni hatua kubwa, nami naifurahia kwa dhati. Lakini kipimo cha askari bora hukaa chini zaidi: bwenini, kwenye gwaride, na katika kuamua nani aende doria na nani abaki kuandika rejista.

Jeshi halikuanza na udongo mtupu. Ugogoni, kwa Wagogo wa hapa Dodoma, kijana wa jando alitarajiwa kuvumilia kisu bila kulia. Ila jandoni humohumo wazee walimfunza pia namna ya kuishi na mke, wakwe na majirani. Kambi huchukua ule uvumilivu, na yale mengine mara nyingi huyaacha langoni.

Wapo wanaosema vita haitaki ulaini. Kweli, askari anahitaji ujasiri, lakini ujasiri hauna jinsia. Na kazi yenyewe imebadilika: wanajeshi wetu wamelinda amani Darfur, Kongo na Lebanon, ambako kumsikiliza mama aliyebakwa ni sehemu ya ulinzi. Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Oktoba 2000, lilitaka wanawake washirikishwe katika kazi hizo.

Wanaume nao wanaumia, na hili halisemwi vya kutosha. Askari aliyerudi kutoka misheni ya kulinda amani anashtuka mlango ukigongwa, usiku hapati usingizi. Kwenda kwa daktari anaona ni kukiri kwamba si mwanaume, basi anaingia kwenye pombe, na hasira inawaangukia mke na watoto. Mkewe akienda polisi, atapokelewa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Dawati hilo ni la mume pia, lakini mtu aliyefunzwa miaka yote kwamba kulalamika ni uanamke hafiki pale kwa urahisi.